Usiku mmoja ziwani Kivu na gitaa zito

Kutoka Goma kwenda Bukavu ningeweza kupanda boti ya kasi. Nilichagua meli ya usiku, maana simu yangu ilikuwa imejaa dum metali ya wanamuziki waliotoka bendi nyingine, na muziki huo haupendi haraka: gitaa limeteremshwa sauti mpaka chini kabisa, ngoma inapigwa kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni.

Bandarini motari, dereva wa pikipiki, alinidai nyongeza kwa ajili ya begi. Nikalipa, sikutaka maneno. Kwenye sitaha mama mmoja akavuta ndoo yake ya sambaza, wale samaki wadogo, nikakaa. Giza lilipoingia akataka kujua ninasikiliza nini. Nikampa waya wa sikio moja.

"Huyu wa ngoma ameshiba sana ama anaumwa?"

Haumwi, mama. Ni Johnny Kelly. Yeye na Kenny Hickey wa gitaa walikuwa Type O Negative, bendi ya metali ya gothiki kutoka Brooklyn. Mwaka 2003, bendi ikiwa bado hai, walianzisha Seventh Void pembeni, bila kinanda, na albamu ikatoka 2009. Aprili 2010 mwimbaji wa Type O Negative, Peter Steele, akafariki, bendi hiyo ikaishia hapo. Wawili hao hawakuachana. Mwaka 2019 walitoa albamu nyingine kwa jina la Silvertomb. Sisi tuliozoea Wenge Musica kupasuka mwaka 1997, huku JB Mpiana, kule Werrason, hilo linatushangaza kidogo.

Mama hakushangaa. Alikuwa anamenya ndizi.

Nikamwekea bendi nyingine, Vallenfyre. Mwanzilishi wake, Gregor Mackintosh, hajatoka bendi yake ya Paradise Lost, kwa hiyo hapa nilikuwa ninadanganya kidogo mada yangu mwenyewe. Lakini hii aliianzisha baada ya baba yake kufa kwa saratani, na albamu ya kwanza, ya 2011, imejaa msiba huo.

"Kumbe ni matanga," akasema. "Ungeniambia tangu mwanzo."

Karibu na kisiwa cha Idjwi injini ikapunguza mwendo, sikujua kwa nini. Mtetemo wake ukalingana na gitaa, nikashindwa kutofautisha. Nilipogeuka, mama alikuwa amelala, sikio langu moja likiwa bado kwake.

Bukavu ilipoonekana, rasi zake zikiwa kwenye ukungu, simu ilikuwa imezima zamani. Sikuuvuta waya. Nilingoja aamke.