Kona Baridi kwa silinda moja

Jamani, mikono bado inatetemeka.

Leo jamaa yangu kaniachia pikipiki yake, KTM 690 SMC R, ile supamoto (umbo la pikipiki ya vumbi, lakini rimu ndogo na tairi za lami), tukashuka Kona Baridi, barabara ya Magadi. Mimi ni mtu wa cc 150, ile ile ya bodaboda. Hii ina karibu cc 693, zote ndani ya silinda moja, na nguvu farasi zaidi ya 70!

Kiti kiko juu, sentimita 89 hivi. Pale steji ya Kiserian nilisimama kwa ncha za vidole (ndiyo, watu waliona).

Halafu lami ikafunguka.

Mwendo sikuushangaa sana. Ni ule mdundo! Pistoni ikipiga unaisikia mapajani, mbavuni, mpaka kwenye meno. Ukivuta mafuta kidogo tu, gurudumu la mbele linataka kuaga ardhi.

Kwenye murram mambo yakabadilika. Rimu za inchi 17, tairi za lami... nyuma ikaanza kucheza rumba. Nikapoa haraka.

Kijana wa boda akaizunguka, akaikagua, akauliza: "Kaka, hii inabeba magunia mangapi?"

Mngemjibu nini? Na nani humu ameshapeleka supamoto kwenye vumbi? Mlifunga tairi gani?