Kura za kwetu Mtwara

Jana jioni nimekaa na babu kibarazani hapa Chikongola tukapiga stori za uchaguzi mpaka kahawa ikapoa. Watu wa nje wanasemaga Kusini ni ngome ya chama fulani basi, sio kweli jamani. Babu alikuwa TANU akawa CCM, kadi ya zamani kaitunza sandukuni mpaka leo, lakini 2015 watoto wake wengi waliipigia CUF, chama cha upinzani, na Mtwara Mjini ikaenda CUF kweli, Tandahimba nayo hivyohivyo, Ndanda wakachukua Chadema. Mi naelewa kwa nini. Gesi. Ile 2013 bomba la kupeleka gesi yetu Dar lilitutia uchungu sana, kukawa na vurugu, nilikuwa mdogo ila nakumbuka maduka yamefungwa, harufu ya matairi, mama katufungia chumbani. 2020 jimbo letu la Mtwara Mjini likarudi CCM. Huku watu wanaangalia korosho, bei ya mnadani imekaaje, salfa ya kupulizia mikorosho imefika lini, hela za chama cha msingi cha ushirika zimeingia au bado. Babu akaniambia, "mjukuu wangu, kadi sibadilishi, ila atakayekuja kuniomba kura namuuliza korosho kwanza."