Nilivyopeleka shukurani wodi ya wazazi, Pemba

Mara ya kwanza nilibeba sinia la pilau na bahasha. Sinia lilipoa mezani, bahasha ikarudishwa. Tangu hapo nimepeleka shukurani mara mbili zaidi, kwa uzazi wa wifi yangu na wa mdogo wangu, na haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Anza na majina, tena kabla mzazi hajatoka hospitali. Wauguzi huhamishwa wodi, zamu hubadilika, na ukirudi baada ya arobaini ukiuliza "yule mwembamba mwenye miwani" hakuna atakayekuelewa. Karatasi ya kuruhusiwa inaweza kuwa na saini ya mkunga aliyezalisha, ila saini hazisomeki, kwa hiyo uliza jina uliandike wewe mwenyewe pamoja na saa ya kujifungua. Saa ina maana yake. Aliyejifungua alfajiri amezalishwa na zamu ya usiku, lakini zamu ya asubuhi ndiyo inayomtoa, na ndiyo inayopewa maandazi. Walioshika damu wameshakwenda kulala.

Barua ndiyo zawadi ninayoithamini kuliko zote, na haigharimu kitu. Nusu ukurasa yatosha. Lakini "asante kwa huduma nzuri" ni maneno ya kadi ya harusi. Matroni, yule mkuu wa wauguzi, hawezi kuyafanyia kazi. Taja lililofanywa, saa lilipofanywa na aliyelifanya. Ya wifi yangu niliiandika hivi, majina nimeyatoa:

"Nilijifungua usiku wa kuamkia Jumatano, saa 10:20 alfajiri. Mtoto alipotoka tu mkunga alinichoma sindano ya paja, akamkausha mtoto na kunilaza naye kifuani. Akawa ananipapasa tumbo kila robo saa. Ilipofika saa 11 aliona damu imezidi, akalisugua tumbo mpaka likakaza, akamwita daktari mimi mwenyewe sijajua kama kuna tatizo."

Mzazi mara nyingi hajui alichofanyiwa, ndiyo maana lazima umsaidie kukumbuka. Ile sindano ni oksitosini, yuniti 10, na hutakiwa ichomwe ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Kazi yake ni kukaza kizazi, kwa sababu kizazi kilicholegea ndicho kinachomwaga damu nyingi baada ya uzazi. Kupapaswa tumbo ni kuangalia kama bado kiko kigumu. Wanawake wengi hulalamika kwamba "waliniminya sana." Walikuwa wanakuokoa, shoga. Muulize pia kama mtoto alinyonya ndani ya saa ya kwanza na nani aliyemweka titini, kama alipewa vitamini K na dawa ya macho, na kama alichanjwa BCG ya kifua kikuu na kutiwa matone ya polio kabla ya kutoka. Kila alilolikumbuka likiwa na jina la mtu, liandike.

Toa nakala mbili, moja ya inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, na moja ya matroni. Sanduku la maoni mimi silitumii. Karatasi hukaa humo mpaka zikapauka.

Pesa, hapana. Ukimtia mtu noti mfukoni kabla ya huduma ni rushwa, na ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, haitakuuliza nia yako ilikuwa nini. Ukimpa baada ya huduma unamfundisha kumtazama mkono mzazi anayekuja nyuma yako, ambaye pengine hata nauli ya gari hana. Ukoo ukichanga, nunua kitu cha wodi. Na chochote unachopeleka, kipeleke mzazi akishatoka.

Kitu gani? Muulize inchaji kabla ya kwenda dukani. Mara nyingi utaambiwa sabuni ya maji, dumu la lita 5, au ndoo ya lita 20 yenye bomba la kunawia, maana mifereji ikikauka wodi hiyo ndiyo inayoumia kwanza. Jik nayo, ile dawa ya klorini, huombwa. Soma tarehe chini ya chupa kwa sababu nguvu yake hupungua kwa joto na kwa kukaa. Ile ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji ili kupata dawa ya kufutia vitanda na sakafu, kwa hiyo chupa moja hufika mbali.

Kanga za kukaushia watoto ndizo watu wengi wanazokosea. Doti moja ni vipande viwili, doti tano zinakupa vipande kumi vya kutosha. Ila kanga mpya ina wanga. Ukimfutia nayo mtoto maji yanateleza tu juu ya kitambaa, na mtoto mbichi akibaki na maji anapoteza joto hata kwenye joto letu hili. Zifue mara mbili kwa sabuni ya kawaida, zianike juani, uzipige pasi. Tena chagua za rangi nyepesi. Nilipeleka nyekundu na za zambarau kwa sababu ni nzuri, mkunga akanionesha kosa langu: damu haionekani juu yake, na yeye kazi yake ni kuiona na kuikadiria.

Dawa usinunue. Oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na hujui iliyoko dukani imepitia jua gani. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea pia viache, wodi inahangaika kuwafundisha wazazi kunyonyesha halafu wewe unawaletea chupa. Glavu ni nzuri, lakini saizi zinatofautiana, uliza kwanza.

Orodha iandikwe nakala mbili, inchaji asaini, vitu viingie leja. Si kwamba wataiba. Ndoo isiyoandikwa huazimwa na wodi ya jirani, na ikishavuka mlango huo ndiyo imehama.

Chakula sasa. Sinia ni la watu wanaokaa pamoja, na wodi ya wazazi haikai pamoja. Mmoja anakula dakika tano, mwengine ameitwa. Pilau linabaki vuguvugu, na wali uliokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili unaweza kutapisha watu, hata ukiupasha tena. Siku hizi napeleka vya kushika mkononi. Kwa watu tisa: katlesi 27, mkate wa kumimina miwili iliyokatwa vipande vinane vinane, tende, na halua ya Wete kidogo. Chai chupa mbili za lita mbili mbili, hutoa vikombe 20, sukari mbali kwa ajili ya wenye kisukari. Hesabu yako iwatie anayepiga deki na mlinzi wa mlangoni. Anayefuta damu sakafuni hakuna anayemkumbuka. Ramadhani peleka futari ya zamu inayoingia jioni, ifike nusu saa kabla ya magharibi, na kila mtu apate kibakuli chake chenye kifuniko.

Siku ya kwenda ni rahisi kuipata. Arobaini ikiisha, siku mbili baadaye mtoto anatimiza wiki sita na anatakiwa kliniki kwa chanjo, na mama naye aangaliwe. Unganisha safari. Usiende wakati wa kukabidhiana zamu wala wakati daktari anapita vitandani. Mtoto muoneshe pale mezani kwa wauguzi tu, usimwingize ndani.

Na nendeni wawili, kimya. Mara ya kwanza tulikuwa saba, mama mkubwa akapiga kigelegele mlangoni. Kitanda cha pili kulikuwa na mama aliyegeukia ukutani, kanga imemfunika mpaka kichwani, na pembeni yake hakukuwa na mtoto. Muuguzi hakusema neno, alitutolea ishara ya mkono tu, tukatoka.

Chupa za chai ziandike jina chini kwa plasta. Yangu ya kwanza mpaka leo iko huko.