Taishokoto mikononi mwangu

Jana baada ya isha, barazani Mji wa Kale, twaulizana maswali ya muziki huku kahawa tungu yazunguka. La "Jambo Bwana" halikumsumbua mtu: Them Mushrooms, 1982, kisha Boney M wakauimba. Likaja la taishokoto, ile ala ya nyuzi na vitufe ya taarabu yetu, asili yake wapi? Wengi wakasema Bara Hindi. Nikasema Japani, ilibuniwa Nagoya 1912.

Mzee mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na yake. Vitufe vya duara kama vya taipureta, nyuzi mbili zimeshika kutu. "Haya mwanangu, piga." Vidole vilinitetemeka. Sauti ile nimeisikia harusini tangu utotoni, wallahi sikuwahi kuigusa.