Jumatano ya Majivu, na msumari uliobaki juu ya mlango

Leo Jumatano tarehe 5 Machi 2025, saa nne usiku inaelekea saa tano, mtoto kashalala, mi nipo sebuleni na simu mkononi. Nikisema ntaandika kesho sitaandika, najijua.

Niamke saa kumi na nusu nimuandae mtoto tukawahi misa ya kwanza, kufika kanisa limejaa mpaka nje kwenye turubai. Kila mwaka hii kitu huwa inanishangaza. Jumatano ya Majivu, siku wakatoliki tunayoanza Kwaresima kwa kupakwa majivu kwenye paji, sio sikukuu ya amri, ukikosa misa huna cha kuungama, wala sio siku ya nguo mpya na pilau kwamba useme watu wanafuata shangwe. Unaamka usiku, unapanga foleni, ukifika mbele unaambiwa utakufa, unarudi kukaa. Na watu wanajaa! Kuna kaka wa duka la vifaa vya bodaboda mtaani kwetu sijawahi kumuona kanisani hata Pasaka, leo alikuwa mbele yangu kabisa kwenye mstari kakunja mikono.

Ila mi mwaka huu nilienda na hasira, na hapa lazima nianzie nyuma kidogo.

Baba yangu alikuja kwangu Dar mwezi wa pili mwaka jana kwa ajili ya matibabu. Mtu wa Mahenge, mkatoliki wa zile zama za misheni, rozari ipo mfukoni pamoja na ugoro. Jumapili ya Matawi, ilikuwa tarehe 24 Machi, tukaenda naye kanisani taratibu kwa bajaji, tukarudi na matawi yetu ya mnazi kama kila mtu, sisi tukayatupia juu ya kabati, yeye akakaa barazani akaanza kuchana kuti lake chane nyembamba nyembamba kwa kucha ya kidole gumba. Alifundishwa kusuka ukindu na mama yake utotoni, kule kwao mikeka inasukwa sana. Akasuka msalaba, mdogo tu, kama urefu wa kiganja, ila pale katikati panapokutana akafanya kama ua hivi, mi mpaka leo sielewi alipitishaje. Akaomba nyundo. Akaupigilia msumari juu ya mlango wa sebule kwa ndani, akasema nyumba isikae bila mlinzi.

Mwezi wa tisa tukamzika.

Msalaba ukabaki pale, ukakauka, ukawa rangi ya chai ya maziwa. Mi nilikuwa siutazami sana ila nilikuwa najua upo, sijui kama naeleweka.

Sasa wanaosali kwetu wanajua, wiki kama mbili tatu kabla ya majivu linatoka tangazo, leteni matawi ya mwaka jana yachomwe. Majivu kwetu hayanunuliwi dukani jamani (kuna mtu ofisini aliniuliza kabisa mnanunua wapi), yanatokana na yaleyale matawi tuliyopunga tukiimba Hosana. Mi tangazo nikalisikia, nikayatoa yale ya juu ya kabati nikayaweka kwenye mfuko, ule wa mlangoni nikauacha. Sikujiuliza hata mara mbili.

Mwanangu ana miaka minane na yupo Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, mwalimu wao akawaambia kila mtoto aje na tawi lake Jumamosi wamsaidie katekista, yule mwalimu wa dini, kuyachoma. Nimerudi sokoni nakuta stuli ipo mlangoni na juu kuna msumari mtupu. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Mtoto analia ananiambia mama mwalimu alisema yale ya kwenye misalaba ndo yanaungua vizuri zaidi, na babu mwenyewe alisema ni ya kanisa. Nikakimbilia kanisani nimevaa kanga mbili na malapa, nikakuta katekista na watoto wameshamaliza, karai limejaa majivu na mmoja anachekecha kwa lile chekecheo la unga. Majivu yenyewe kidogo! Lundo lile lote la makuti ya kigango kizima linatoa kama vikombe vitatu hivi. Nilisimama nikaangalia, nikarudi nyumbani, kwa mtoto sikusema kitu wala yeye hakusema. Usiku ndo akaniambia, mama wa babu uliwaka haraka kuliko yote.

Kwa hiyo leo asubuhi nimo kwenye mstari na ile akili, kwamba kwenye kile kibakuli cha padre kuna babangu kidogo. Najua sio yeye. Ila nilikuwa nawaza hivyo, na nilikuwa nataka kujua ntapakwa jivu lipi, na huyu wa bodaboda kapata lipi.

Masomo ni yale ya kila mwaka, Yoeli anasema rarueni mioyo yenu wala si mavazi yenu, halafu inakuja ile Injili ya Mathayo sura ya sita ambayo mi huwa naiona kama inatutania. Yesu anasema ukifunga jipake mafuta kichwani unawe uso, watu wasijue. Sawa, tumesikia, tumekaa, dakika kumi baadae tunapanga foleni tupakwe alama nyeusi katikati ya uso halafu tupande nayo daladala. Zamani nilikuwa naona hapo kanisa limejichanganya, siku hizi naona labda ni makusudi, maana kujionyesha ni nini haswa? Wenzangu leo wamejaza stetasi za wasapu selfi za majivu, mmoja kaweka na filta paji likang'aa, sawa hiyo naielewa. Ila bosi mmoja wa idara nyingine tulikuwa nae kwenye lifti nikamuona anajifuta kwa tishu akijiangalia kwenye kioo, na yeye alikuwa anafuata Injili neno kwa neno tu, ila sidhani kama ndo ilikuwa sababu. Mi sikufuta. Mama alitukataza tangu wadogo, yatoke yenyewe kwa jasho.

Padre wetu hutumia maneno yote mawili, anabadilisha badilisha, mmoja anaambiwa tubu na kuiamini Injili, mwingine anaambiwa kumbuka u mavumbi wewe na mavumbini utarudi. Kaka wa bodaboda alipata tubu. Mi nikapata mavumbi. Halafu akainama kidogo, akampaka mwanangu, na yeye akamwambia mavumbi.

Hapo nilishtuka, niseme kweli. Mwaka mzima nalea huu mwili kwa uji na dawa za minyoo na daftari, mtu mzima anainama mbele yangu anamwambia mwanangu utarudi mavumbini na mi nimesimama hapo nasema amina. Nyuma yetu kulikuwa na mdada kabeba kichanga mgongoni, akageuka upande ili padre amfikie, kichanga usingizini, akapakwa akakunja uso tu akaendelea kulala. Na yeye mavumbi.

Ila nikiwa nimekaa nikakumbuka mwaka 2021. Majivu yaliangukia tarehe 17 Februari, wakati wa korona, na Vatikani walikuwa wametoa maelekezo Januari kwamba padre aseme yale maneno mara moja tu kwa watu wote, halafu apite kunyunyizia kila mmoja utosini bila kusema neno. Kwetu padre alifuata. Nikarudi nyumbani naona kama sijaambiwa kitu. Mchana nikaanza kuona meseji, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amefariki Muhimbili. Usiku tena, Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, amefariki Dodoma. Siku ileile. Halafu tarehe 17 Machi, mwezi kamili, tukiwa bado humohumo kwenye Kwaresima, ikatangazwa Rais Magufuli amefariki. Wote mnakumbuka mlikuwa wapi. Mi nilikuwa naosha vyombo, na kitu cha kwanza kilichonijia ni lile neno ambalo mwaka ule hatukuambiana uso kwa uso.

Sasa naona ndo maana watu wanajaa, au mi ndo maana naenda. Siku nyingine zote za mwaka kuna mtu ana kitu cha kukuahidi. Ukiwasha redio asubuhi kuna mafuta ya upako, maji, leso, mwaka wako wa kufunguliwa, gari linakuja kwa jina la nani, na hata sisi wakatoliki tusijitoe, tuna novena zetu, zile sala za siku tisa, za kazi na za wachumba. Jumatano ya Majivu haina ahadi hata moja kwenye lile tendo lenyewe, ni kidole gumba cha mtu ambaye na yeye atakufa, na ndani yake hakuna uongo. Kwa mtu aliyezika mwaka jana tu inapumzisha, sijui nieleze vipi. Msibani wote walinambia jikaze, kazi ya Mungu haina makosa, yupo mahali pazuri. Leo mtu kanambia tu ukweli na kunigusa.

Hii ya kufunga nayo siku hizi kila mtu na fasheni yake, mmoja kafunga tiktok, mwingine sukari, shemeji yangu kafunga bia ila anauliza Jumapili zinahesabiwa? Kiukweli hazihesabiwi, ukihesabu kuanzia leo mpaka Jumamosi Kuu unapata siku 46, toa Jumapili sita ndo zinabaki 40, kwa hiyo kashapata upenyo huyo. Leo na Ijumaa Kuu ndo kufunga kwa sheria, mlo mmoja kamili na vidogo viwili ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo, kuanzia miaka 18 mpaka unapogonga 59. Mwaka jana ndo ilikuwa kituko, majivu na Valentine's siku moja, 14 Februari, watu wana majivu usoni na waridi mkononi na mtoko wa nyama choma umekufa.

Mwaka huu imekutana na Ramadhani. Asubuhi kwenye pantoni kutoka Kigamboni nimesimama pembeni napigwa na upepo, mzee mmoja kavaa baraghashia akanishika bega taratibu, mwanangu una masizi hapo usoni, akanipa leso yake. Nikamwambia shikamoo mzee, ni majivu, sisi wakristo tumeanza kufunga leo. Akasema aaah marahaba, basi karibuni, sisi ndo tuko kwenye vyungu vya mwanzo mwanzo. Akaniuliza mnafungua na nini? Nikaona aibu kumwambia kwamba sisi mchana tunakunywa maji na chai. Nikamwambia tunajitahidi mzee.

Ofisini mama ntilie wetu saa saba anazunguka na hotpoti, huyu kafunga, yule kafunga, akaweka chini akashika kiuno, "sasa nyie mmekubaliana?" Wali maharage umebaki, nyama ndo kabisa. Nikanunua kwake maharage sahani moja ndo ikawa mlo wangu, sijui hiyo ni sadaka au ni njaa.

Nikarudi saa moja jioni. Kumuogesha mtoto ndo ikawa kazi, hataki uso uguswe, anataka kulala nayo aonyeshe shule kesho. Nikamwambia Yesu kasema unawe uso. Akaniangalia akaniuliza, mbona wewe hujanawa? Tukakubaliana tunawe wote. Nilipaka sabuni kidogo tu, nikafuta kwa kidole, na maji yalivyokuwa yanaingia kwenye beseni yana ule weusi mwepesi nikajikuta siyamwagi. Nimeyapeleka kwenye mchicha wangu nyuma ya nyumba. Msinicheke.

Kabla hajalala akavuta stuli akasimama juu yake anaangalia ule msumari. Akasema Jumapili ya Matawi ni lini, nikamwambia tarehe 13 mwezi wa nne. Akasema ntasuka mimi, alikaa na babu barazani siku ile aliona, anajua kuchana chane kwa ukucha, anajua zinapishana. Akachukua karatasi mbili za daftari akazikata nyembamba kunionyesha, akapishanisha, akakunja, ikafunguka. Akarudia, ikafunguka. Akaniuliza mama, pale kwenye ua babu alikuwa anaanza kukunja upande gani?

Nimekaa hapa na hizi karatasi zake toka saa mbili na nusu.