Tone moja kila sekunde sita

Bomba la jikoni linavuja tena. Jana usiku nikajikuta nimesimama gizani, saa mkononi, nayahesabu matone: kumi kwa dakika. Usingizi ukaniishia hapohapo. Kasi ile naijua.

Ni ya dripu ya yule mzee wa goti niliyemuuguza wodini. Aliletwa anatapika damu, choo cheusi kama lami. Wiki tatu za diklofenaki, dawa ya maumivu, ya dukani, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni. Akaongezewa damu, kamera ikaingizwa tumboni, kidonda kikachomwa adrenalini na kubanwa klipu. Magharibi alisharudi wodini.

Ikabaki pantoprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo: miligramu 80 za kuanzia mshipani, kisha 8 kila saa, kwa saa 72. Pampu yetu ya dripu ilikuwa mbovu, kwa hiyo nikachukua bureti, kichupa cha dripu chenye vipimo, ile ambayo matone 60 ni mililita moja. Vichupa viwili vya miligramu 40, kila kimoja nikakiyeyusha kwa mililita 10 za maji ya chumvi, nikajazia hadi 100. Mililita 10 kwa saa. Matone 10 kwa dakika. Inakwenda saa kumi, unachanganya upya. Damu ilipita mkono mwingine, maana mrija wa dawa hii hauchangiwi.

Saa nane usiku matone yakasimama. Kanula, kile kijimrija cha mshipani, ilikaa kiwikoni, naye alikunja mkono usingizini.

"Mzee, nyoosha."

Yakarudi, lakini mbio. Nikakaza kibano cha mrija: kumi na nne. Nikakaza tena: saba. Nikalegeza kwa ukucha tu: tisa. Asidi ikipanda, pepsini, kimeng'enya cha tumboni, humeng'enya bonge la damu lililoziba kidonda kama inavyomeng'enya nyama, na chembe za kugandisha damu hazishikani vizuri. Ndiyo maana pH, kipimo kinachopanda asidi inapopungua, inatakiwa ipite 6 na ikae hukohuko. Dakika chache zile pengine hazikuwa kitu. Hata hivyo sikutoka pale kitandani hadi adhana ya alfajiri.

Siku ya kuruhusiwa nikamweleza: kapsuli za kupunguza asidi, nusu saa kabla ya kula, kwa sababu dawa hukamata pampu za asidi za tumboni zinapoamshwa na chakula. Asizitafune. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zote, mwiko.

"Sawa, mwanangu. Na goti je?"

"Parasetamoli, mzee."

Akanitazama. Kisha akalitazama goti.