Nilivyompata mmisionari wa kwanza kwa kuazima pampu

Nilipopewa uenyekiti wa kamati ya uinjilisti ushirikani kwetu, Kanisa la Moravian hapa Tabora, mzee mmoja alinishauri nilete mhubiri mkali awachome watu mioyo, watajitoa wenyewe. Nikamsikiliza. Spika za kukodi, chai, maandazi, nauli ya mgeni: kama laki na nusu hivi, nyingi mfukoni mwangu. Mhubiri akanguruma, watu wakalia. Nikazungusha karatasi, aliye tayari kwenda vijijini aandike jina. Yakarudi majina matatu. La kwanza langu. La pili la mtoto wa shule ya Jumapili aliyekuwa anajifunza kuandika. La tatu la mama aliyenifuata Jumatatu kuuliza mkopo utatoka lini.

Mwezi mzima watu walinikwepa sokoni kama mdai.

Ujanja wenyewe ulinijia kwa bahati, ingawa nikisimulia huwa nasema niliupanga. Tulikuwa twende kijiji kimoja upande wa Sikonge, kwa wakulima wa tumbaku, baiskeli karibu kila nyumba. Nikamwendea fundi baiskeli, muumini wa benchi la nyuma, yule anayetoka kabla ya matangazo.

“Kaka, niazime pampu na spana Jumamosi.”

Akanitazama kama nimemwomba mke wake. “Dada, vifaa vyangu haviendi mahali bila mimi.”

“Basi, tutaenda hivyo hivyo.” Nikageuka polepole, makusudi.

“Kwani mnaondoka saa ngapi?”

Saa nne asubuhi chini ya mwembe kulikuwa na foleni. Mwinjilisti na kipaza sauti chake alikuwa na watoto watano na mbuzi. Fundi anaziba pancha, anauliza habari za mvua na bei ya tumbaku. Babu mmoja akamwuliza mbona hataki hela. Fundi akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi: “Na mimi nililipiwa, babu.” Babu akavuta kigoda. Walikaa pale mpaka jua likageuka.

Tangu hapo siombi watu, naazima vitu. Fundi cherehani alikuja na cherehani yake. Mama ntilie hakuweza kuachana na sufuria zake. Kinyozi peke yake alinipa mashine bila neno, nikarudi nimeharibu vichwa vya watoto wawili.

Yule mzee bado analalamika kwamba wamisionari husomea. Nikamkumbusha Wamoravian wa kwanza kutumwa ng'ambo, mwaka 1732, kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Urambo tulifika 1898, kwa hiyo ufinyanzi haukuzuia kitu. Akasema nyakati zimebadilika.

Nanyi mkitaka kujaribu, msiende wakati wa kilimo, mtahubiria nyumba tupu. Subirini kiangazi, tumbaku ikishauzwa. Pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, na mkisema “mwangaluka” kaeni chini mjibiwe, msiipite salamu kama watu wa kuwahi basi. Sadaka msichangishe kabisa. Sisi tulichangisha mara moja, na sitaki kuizungumzia.

Juzi fundi kaja mwenyewe kuuliza safari ijayo. Nikamwambia mimi nahitaji pampu tu. Akacheka: ameshanunua ya pili, hiyo ndiyo ya kuazimisha, ile ya kwanza atakuja nayo.